Mungu Amrehemu Baba Aliyekuzaa

Inshirah binti Wahdan hakuwahi kushindwa na filamu ya maisha ya mwanamuziki. Akishakaa kitini, mfuko wa mbegu za tikiti mapajani na jirani yake Mama Girgis pembeni, taa zikizimwa tu yeye keshaimaliza filamu nzima kichwani. Mtoto maskini mwenye sauti. Baba katili. Gari moshi la kwenda Kairo na mvua inanyesha, ingawa mvua yenyewe Misri ni ya kutafuta kwa tochi. Wapenzi wasioruhusiwa kuoana. Umaarufu, makofi, magauni ya kumetameta. Halafu kikohozi.

"Kikohozi hicho kinakuja," Mama Girgis alikuwa akimnong'oneza, huku akimpiga kumbo.

"Bado. Kwanza aolewe na yule tajiri."

"Nakwambia sasa hivi! Leso nyeupe ile huioni? Leso nyeupe haitolewi bure."

Na kweli tone la damu lilionekana kwenye leso, ukumbi mzima ukafuta machozi, na wanawake wawili wa mtaa wa Shubra wakacheka mpaka wakanyamazishwa na watu wa nyuma. Mwishoni mwanamuziki alipanda jukwaani nusu maiti, akaimba vizuri kuliko alipokuwa mzima wa afya. Walikuwa wameziona filamu za namna hiyo chungu nzima, za wanaume na za wanawake, na zote zilitoka kwenye kalibu moja kama matofali.

Inshirah alikuwa na haki ya kucheka. Ujana wake na utu uzima wake aliupitisha nyuma ya mwanamuziki mkubwa, katika safu ya waitikiaji, amevaa gauni la rangi moja na wenzake. Mwanamuziki huyo alikuwa dada yake wa tumbo moja, Bahiga Wahdan. Bahiga alipoimba, madereva wa teksi walisimamisha magari kando ya barabara wakasikiliza, na abiria hawakulalamika. Inshirah alisimama hatua chache nyuma ya sauti ile kwa miaka yote hiyo na hakuizoea hata siku moja. Kila mara ilimjia upya, akasahau kuitikia, akamshukuru Mungu kwamba kazi ya waitikiaji ni kuimba pamoja, maana mmoja akinyamaza kwa mshangao haijulikani.

Bahiga alipofariki, Inshirah alibaki kwenye nyumba yake ya ghorofa ya nne, akishusha kikapu kwa kamba kuchukua mkate, akigombana na muuza mboga kutoka roshanini. Kisha siku moja ikabisha hodi filamu ya Bahiga mwenyewe.

Iliingia na kijana mmoja mtanashati aitwaye Hazim, mwongozaji wa filamu, amebeba sinia ya basbusa, keki ya semolina iliyolowa shira. Alimbusu Inshirah kichwani kama vile ni bibi yake.

"Hajati, nimekuja kuomba baraka tu. Bila baraka zako sipigi picha hata moja."

"Baraka ziko tele, mwanangu. Kaa. Soma tusikie."

Hazim akaanza kusoma. Bahiga anatoka kijijini kwa gari moshi, usiku, mvua inanyesha.

"Alikuja juu ya lori la vitunguu," Inshirah akasema. "Alilia, ndiyo. Vitunguu vilimliza."

"Gari moshi linapendeza zaidi kwenye kamera, Hajati."

"Haya, mpandishe gari moshi."

Akasoma habari za mshairi fukara aliyempenda Bahiga akamkosa. Inshirah akamwambia kwamba mume wa Bahiga alikuwa mfamasia mnene, mkoromaji, na walipendana mpaka wakawa wanafanana.

"Mfamasia hana mvuto, Hajati."

"Masikini Abdel-Hamid. Haya, mlete mshairi wako. Na kikohozi?"

Hazim akainua uso. "Umejuaje?"

"Alikufa kwa kisukari, kitandani kwake, akimgombeza muuguzi aliyemnyima embe. Lakini akohoe tu, mwanangu. Wote wanakohoa."

Alikuwa anacheka bado Hazim alipofika kwenye baba. Baba ni kinyozi wa kijiji. Anamkuta binti yake anaimba dukani, mbele ya wanaume. Anauchomoa mkanda wa ngozi wa kunolea wembe, anamchapa mpaka mtoto anaanguka, na mtoto anaapa ataimba dunia nzima imsikie.

Inshirah akakitua kikombe cha chai. "Hapo hapana."

"Hajati..."

"Nimekwambia hapana. Vingine vyote chukua. Baba yangu hakutupiga. Usta Wahdan hakumpiga hata mbwa."

Hazim hakubisha. Alitoa simu yake, akabonyeza, akaiweka mezani karibu na basbusa. Ikatoka sauti ya Bahiga, Bahiga wa zama zile, akihojiwa redioni, akieleza jinsi baba alivyomchapa kwa mkanda kila aliposikia anaimba, na jinsi alama zilivyobaki mgongoni. Alieleza vizuri sana. Hata pumzi alijua mahali pa kuivuta.

"Nisamehe," Hazim akasema taratibu. "Lakini ni yeye mwenyewe."

Inshirah aliitazama simu ile. Kumsafisha baba ilikuwa ni kumwita dada yake mwongo, mbele ya mgeni, naye dada hayupo wa kujitetea.

"Na nifanyeje, Hajati?" Hazim akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu mkweli. "Watu wakiingia sinema wanataka wajue sauti ile ilitoka wapi. Nikiwaambia ilitoka tu, nani atanisadiki? Wanataka waone ililipiwa nini."

Akaaga kwa adabu zote, akamwachia basbusa. Inshirah hakuigusa.

Maana ukweli ulikuwa hivi. Usta Wahdan, fundi wa kunyoa wa kijiji chao kule kwenye mashamba ya Delta, alikuwa na duka la chumba kimoja, kioo kilichofifia pembeni, na kiti kimoja cha kuzunguka. Jioni wateja wakiwa wengi, yeye alimwinua aliyekaa kitini, akambeba Bahiga akamweka pale, akamwambia, "Imba, binti." Mtoto akaimba kasida za kumsifu Mtume. Ikifika mahali ikamchoma moyo, kinyozi aliuinua wembe juu, asije akamkata mtu, akapaza sauti: "Allah! Rudia!" Bahiga akaurudia mstari. Lakini kwa baba yule, kuurudia vilevile lilikuwa kosa. Ilibidi urudi na kitu kipya, uupitishe njia nyingine, na yeye akalia tena, "Rudia!" Wateja walikaa na povu la sabuni mashavuni mpaka likakauka, na hakuna aliyelalamika. Mwisho wa yote alimpa binti yake kipande cha halawa, akamvalisha viatu kwa mikono yake. Hapo ndipo ilipotoka, kama kweli kuna mahali ilipotoka.

Baadaye Bahiga akawa mkubwa, na matamasha yake yakawa yanarushwa redioni. Baba aliiweka redio dukani juu ya rafu ya manukato. Alikuwa anangoja kitu kimoja tu. Wasikilizaji wa kule, sauti ikiwafika hasa, humwombea aliyeileta duniani, awe hai au amekufa. Basi katikati ya makofi, mtu mmoja ukumbini alikuwa hakosi kupiga ukelele: "Mungu amrehemu baba aliyekuzaa!" Na kinyozi alijipiga paja kwa furaha. "Mnasikia? Mimi nipo nanyoa, wenzangu wananirehemu mapema!" Utani huo aliurudia kila tamasha, na kila tamasha duka zima lilicheka.

Kisha yakaja mahojiano yale. Ilikuwa siku za Idi. Inshirah alikuwa kijijini, amesimama mlangoni pa duka na sinia ya biskuti, watu wamejaa ndani, redio imefunguliwa hadi mwisho. Sauti ya Bahiga ikasema iliyoyasema. Wanaume wakamwangalia Usta Wahdan, kisha wakaangalia chini. Yeye aliendelea kumpaka mteja povu, taratibu, mpaka mahojiano yakaisha.

"Kasimulia vizuri," akasema. "Hata mimi uchungu umenishika."

Hakusema zaidi ya hapo, siku ile wala siku nyingine. Bahiga alipokuja na mazawadi yake, baba alimwuliza kama koo linaendelea vizuri na kama anakunywa anisi ya moto.

Inshirah ndiye aliyemkabili dada yake. "Umefanya nini, Bahiga? Umefanya nini wewe?"

Bahiga akaanza kulia kabla hajajibu. "Yule mtangazaji aliniuliza nimeteseka vipi. Nikamwambia habari za kiti na halawa, akapiga mwayo, Inshi! Wallahi alipiga mwayo mbele yangu. Waimbaji wengine wote walikuwa na baba wa kuwapiga. Mtu aliyelelewa vizuri hana hadithi."

"Kamwombe radhi."

"Nitakwenda. Nitamwomba." Na alikwenda, na alipouona uso wa baba yake umemfurahia, maneno yakamkwama kooni, yeye ambaye koo lake halikuwahi kukwama na kitu.

Watu waliendelea kumshangilia Bahiga, tena zaidi. Walimwita bulbuli, ndege mwimbaji, walimwita roho, walimwombea umri na afya. Lakini ukelele ule mmoja ulikoma. Nani angemwombea rehema baba mwenye mkanda? Jioni moja Inshirah alishikwa na homa huko kijijini akashindwa kwenda jukwaani, akalisikiliza tamasha dukani pamoja na baba yake. Alimwona jinsi kila makofi yalipolipuka alivyosogeza sikio karibu na redio, akaongeza sauti, akangoja. Makofi yakatulia. Akaipunguza tena. Alifanya hivyo mpaka tamasha likaisha, na Inshirah akajua kwamba ndivyo alivyofanya kila tamasha. Mzee akafa hajausikia tena ukelele ule.

Hilo ndilo Inshirah alilokuwa nalo kifuani siku gari la Hazim lilipomfuata kumpeleka studio, aone onyesho la kinyozi likipigwa picha. Hakuwa amekata shauri atasema nini. Aliingia kwenye banda lile kubwa, akazunguka nyuma ya ubao, na duka la baba yake likawa mbele yake, limejengwa upya. Kioo kilichofifia pembeni. Rafu ya manukato. Kiti. Alikishika kiti kile mgongoni asianguke, na machozi yakamtoka waziwazi mbele ya watu wa taa na waya.

Mwigizaji wa baba alikuwa Ustaadh Rushdi, mzee mwenye jina, mashavu mazito, amevaa aproni nyeupe. Aliinuka kumpa kiti.

"Hajati, unisamehe kwa nitakalolifanya leo. Mimi mtu wa kazi."

"Kazi ni kazi, Ustaadh. Mkono wako mzito?"

"Tutajifanya tu. Mtoto hataguswa."

Mtoto mwenyewe alikuwa Rodayna, mwembamba, ana pengo la meno, anasukwa nywele kwenye kona. Wimbo ulikuwa umeshatiwa kwenye mashine na mwimbaji mwingine. Yeye alitakiwa achezeshe midomo. Lakini mtoto ni mtoto. Huku anavutwa nywele, alikuwa anaiimba kasida ile kwa sauti yake, chini chini, kujipumbaza. Inshirah akageuka. Akasikiliza, na vinyweleo vya mikono vikamsimama. Akamwita Hazim.

"Mwanangu, ule mkanda wako sitausemea tena. Piga picha yako. Nina ombi moja tu."

"Sema, Hajati. Hata mia moja."

"Zimeni mashine. Mwacheni huyu binti aimbe kwa kinywa chake, mstari ufike mwisho. Ukifika mwisho, Ustaadh ampige apendavyo."

Hazim alicheka, moyo umemtulia. Alikuwa amekuja kazini siku ile akiogopa ugomvi, kumbe bibi anataka kitu kidogo kama hicho. "Hilo tu? Zimeni mashine!"

Inshirah akarudi kitini, mkoba mapajani. Asingeweza kuapa kwamba yatatokea aliyoyawaza. Alijua tu watu wake ni watu gani. Na kama kizazi hiki kimebadilika, kama mtu anaweza kuisikia sauti ile akashusha mkanda, basi baba yake amekwisha, na yeye mwenyewe ndiye aliyefunga mlango.

Wakanyamaza wote. Mtoto kitini, akaanza. Alianza kawaida, sauti ya shuleni. Ustaadh Rushdi akaingia mlangoni, uso umekunjamana, akauchomoa mkanda msumarini. Akasogea. Mkono ukapanda. Mtoto akafika neno la mwisho, na badala ya kulishusha mahali alipofundishwa, akalipeleka pembeni, akalizungusha, likapanda mahali ambapo hakuna aliyelitazamia, likakaa huko juu, jembamba, halitikisiki. Inshirah aliyajua mazungusho yale. Hakuna aliyemfundisha mtoto huyu. Bahiga alikuwa ameshakufa kabla hajazaliwa. Yalitoka tu, kama yalivyotoka mara ya kwanza, bila kulipiwa kitu, na Inshirah akaona ajabu ya Mungu iko pale pale, haijaenda popote.

"Allaaah!"

Aliyelia vile hakuwa yeye, wala Rushdi, wala mpika chai. Alikuwa Hazim, mwongozaji mwenyewe, mikono yote miwili kichwani, amesahau kamera, amesahau filamu. Na baada yake wakalipuka wote, wa taa, wa waya, aliyeshika maikrofoni ikamning'inia mpaka katikati ya picha. Mkono wa Ustaadh Rushdi ulikuwa bado uko hewani. Aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha ukashuka polepole, ukajipiga paja lake mwenyewe, mkanda ukaanguka sakafuni.

"Rudia," akasema, sauti imemkauka. "Rudia, binti yangu."

Na mtoto akarudia, akapita njia nyingine. Wakamlilia tena, naye akarudia. Inshirah alilia bila kujifuta. Hakuna aliyekuwa amemweleza Rushdi habari za paja, wala neno la kumwambia mtoto.

Walipotulia, Hazim alikuja akapiga magoti mbele yake, macho mekundu. "Umeniharibia onyesho, Hajati."

"Mimi? Mimi nimekaa hapa na mkoba wangu."

"Tutapiga jingine."

"Pigeni."

Walijaribu. Ustaadh Rushdi aliuokota mkanda, akauinua, akautupa. "Tafuteni kinyozi mwingine," akasema. "Huu mkono hauendi." Hazim akamsindikiza Inshirah mpaka garini, akamwambia wazi kwamba hawezi kumwahidi kitu, filamu ina wenyewe waliotoa fedha, nao waliununua mkanda. Kuna njia za kumpiga mtoto mezani kwa mkata filamu, bila mtu kuinua mkono. Inshirah akaitikia kwa kichwa, akarudi Shubra kungoja.

Alingoja mpaka akasahau kula. Filamu ilipotoka, Mama Girgis alimkokota kwa mkono mpaka sinema ya mtaani kwao, kwenye maonyesho ya mchana, na mbegu za tikiti. Ukumbi ulijaa.

"Usiniangushe," Mama Girgis akamwambia. "Leo tunashindana kikohozi."

Inshirah hakumjibu. Taa zikazimika. Duka likatokea, kioo, rafu, mtoto kitini. Kinyozi akaingia na uso wake uliokunjamana, akachomoa mkanda. Inshirah akafumba macho. Ile sauti ikapanda, ikazunguka, ikakaa juu, na yeye akasubiri mlio wa ngozi.

Haukuja. Alisikia "Rudia, binti yangu," akafumbua macho, akaona mkono umelala pajani.

Yaliyofuata yalikuwa yale yale, gari moshi, mvua, mshairi, na Mama Girgis alishinda kikohozi peke yake bila mpinzani, maana Inshirah hakuwa anatazama. Alikuwa bado yuko dukani. Maana pale pale, mtoto aliporudia mstari kwa mara ya mwisho, mwanamume mmoja alikuwa amepaza sauti gizani kutoka viti vya nyuma, mtu asiyejulikana, pengine fundi wa magari au karani, na hakumwita binti bulbuli wala roho.

"Mungu amrehemu baba aliyekuzaa!"

Mama Girgis alihisi mwenzake ametetemeka, akamshika mkono. "Una nini, dada yangu?"

"Baba," Inshirah akasema. "Wamemrehemu baba. Na safari hii si mapema."